Barua ya kukubaliwa bado haikupandishi ndege

Mwanafunzi mmoja wa Wete, Pemba, amepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ujerumani, kuanzia Oktoba, na ameandika kuuliza anunue makoti mangapi. Makoti utayakuta huko huko, na ya mtumba ni rahisi. Kwanza toa vyeti vyako vyote, uvitandaze juu ya mkeka: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, kitambulisho cha Mzanzibari, na pasipoti kama unayo. Soma jina herufi kwa herufi.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdalla, cha skuli Abdallah. Huku Khamis, kule Hamis. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha mtihani kina mawili, kwa sababu siku ya kujisajili jina la babu liliachwa. Kwetu jambo hili halimsumbui mtu. Kila mmoja anajua wewe ni mtoto wa nani. Afisa wa viza hamjui babu yako, na mbele yake hao ni watu wawili. Ukiona tofauti, kaape kiapo cha majina, yaani tamko la kisheria kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, mapema, kabla ya kuomba pasipoti. Baada ya hapo barua ya chuo, bima na tiketi vyote vifuate pasipoti ilivyoandika. Kama barua imeshatoka na jina jingine, waandikie leo waitoe upya, usingoje wiki ya miadi.

Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Viza ina mambo zaidi. Ile fupi ya Schengen, ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, mwisho wake ni siku 90, na muhula unazidi hapo, kwa hiyo omba viza ya muda mrefu ya nchi yenyewe. Alama za vidole hutolewa na mwombaji mwenyewe, Dar es Salaam. Mtu wa Pemba afike Dar siku mbili kabla: bahari ikichafuka boti haiondoki, na miadi ikipita huenda ukangoja wiki kadhaa kupata nyingine.

Watataka pia kuona utaishi kwa fedha gani. Asiye na ufadhili huweka fedha kwenye akaunti maalumu inayofunguka kidogo kidogo kila mwezi. Kipimo kilichoanza Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 5,952 kwa miezi 6. Mwenye ufadhili apeleke barua inayotaja kiasi cha kila mwezi na tarehe za kuanza na kumaliza; "atagharamiwa" peke yake haitoshi. Hata hivyo usiondoke mikono mitupu, maana posho ya kwanza mara nyingi hungoja ufungue akaunti ya benki huko. Na mwenye nyumba ana haki ya kudai dhamana inayofika kodi ya miezi mitatu.

Nyumba yenyewe iulizie swali moja kabla ya kulipa: utanipa karatasi ya kuthibitisha kuwa naishi hapa? Sheria inataka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na bila karatasi hiyo huandikishwi. Usipoandikishwa, kibali cha ukaazi kinakwama. Chumba cha bei poa kisicho na karatasi kikimbie.

Masomo nayo: muhula kamili ni krediti 30 za Ulaya, yaani alama zinazopima uzito wa masomo. Mkuu wa idara yako atie saini orodha ya masomo kabla hujaondoka, na kila somo likibadilika huko itiwe saini upya, wiki ile ile. Bila hivyo utarudi na alama nzuri zisizohesabiwa, urudie muhula mzima.

Na sala. Berlin katikati ya Disemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huangukia saa za vipindi. Wiki ya kwanza ulizia chumba cha utulivu chuoni, na panga vipindi ukiwa na ratiba ya sala mkononi.