Kuipiga picha galaksi ya M81 ukiwa Dodoma

Nyoosha mkono kuelekea kaskazini, kunja ngumi, uiweke juu ya mstari ambapo ardhi inakutana na anga. Ongeza nusu ngumi. Hapo ndipo M81 inapoishia kupanda kwetu Dodoma, nyuzi 15 tu. Hesabu yake ni nyepesi: galaksi hiyo iko nyuzi 69 kaskazini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, nasi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta ya dunia. Jumlisha, upate 75, kisha toa kwenye 90.

Johann Elert Bode aliiona mwaka 1774 akiwa Berlin, ambako hupanda juu sana na haizami kabisa. Sisi inatuchungulia kwa saa chache, kisha inarudi chini. Nimeifuata misimu mitatu, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningefurahi kuambiwa na mtu kabla ya msimu wa kwanza.

Msimu huo niliamini maelekezo ya kila mahali: Februari, usiku wa manane. Ni kweli M81 huwa juu kabisa saa hizo, lakini Februari ya Dodoma ni msimu wa mvua. Usiku niliopata mwanya wa mawingu nilipiga nikiwa uani kwetu, upande wa kusini wa mji, kwa hiyo kamera ilikuwa inatazama kaskazini kupitia juu ya taa zote za mji. Nilipata doa la rangi ya chai ya maziwa. Nikailaumu lenzi, nikanunua nyingine kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa mambo mengine, na doa likabaki lilelile.

Shida ilikuwa hewa. Mwanga wa kitu kilicho nyuzi 15 juu ya upeo wa macho hupita kwenye hewa karibu mara nne ya ile ya kitu kilicho utosini, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ni ya chini, yenye vumbi, moshi na unyevu. Inayoibiwa zaidi ni rangi ya buluu. Sasa angalia M81 imeumbwaje: kitovu chake ni cha nyota kongwe za manjano, na mikono yake inayojizungusha inang'aa kwa nyota changa za buluu. Ndiyo maana kitovu hukipata hata kwa hewa mbaya, ila mikono, ambayo ndiyo uzuri wenyewe, inapotelea njiani. Hakuna lenzi ya kuirudisha.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua wiki. Kwangu ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei. Mvua imekatika, vumbi bado limelala kwa sababu ardhi haijakauka sawasawa, na wakulima hawajaanza kuchoma mashamba. Wazee wa pwani walisema Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mimi nikikiona Kilimia kinazama magharibi jua likishatua tu, najua wiki zangu zimefika. Tarehe mosi Mei giza kamili huingia kama saa moja na dakika arobaini na tano usiku, na M81 hufika kileleni karibu saa mbili. Kila siku inawahi kwa dakika nne, yaani nusu saa kwa wiki, hivyo ukichelewa hadi Juni unaikuta inashuka. Ikifika chini ya nyuzi 10, yapata saa nne na nusu mwanzoni mwa Mei, acha. Picha za baada ya hapo zinachafua zile nzuri. Na usiku uwe wa mwezi mwandamo au karibu yake.

Kisha mahali. Uuache mji mgongoni. Mimi hutoka kwa barabara ya Kondoa, napita Makutupora, naendelea mpaka mwanga wa mji unabaki nyuma yangu kabisa, natafuta shamba lisilo na mlima wala mbuyu upande wa kaskazini. Nenda mchana kwanza, ukapime upeo kwa ngumi yako.

Na ukifika, piga hodi. Mara ya kwanza nilifunga stendi gizani bila kumwambia mtu. Baada ya robo saa akaja mzee na tochi, na vijana wawili nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hapa mnapima viwanja usiku?"

Sikushangaa, maana pembezoni mwa Dodoma stendi ya miguu mitatu imemaanisha upimaji wa ardhi kwa miaka mingi, na kwa wengine imemaanisha shamba kupungua. Nilimwonyesha kioo cha kamera: yai dogo la mwanga lenye ukungu, na pembeni yake galaksi jirani, M82, kama kijiti. Nikamwambia mwanga ule ulianza safari miaka takriban milioni 12 iliyopita. Akainama akaangalia muda mrefu, halafu akamtuma kijana mmoja akamwite bibi. Tangu siku hiyo nampigia simu mtendaji wa kijiji siku moja kabla, na kwa mzee napita kusalimia.

Kuipata angani: upawa wa Dubu Mkubwa, zile nyota saba za kaskazini, kwetu huonekana umefunikwa, mdomo chini. Nyota angavu ya mdomoni ni Dubhe. Iweke kwenye lenzi, rekebisha fokasi kwa kutumia nyota hiyohiyo, kisha shuka ngumi moja kuelekea chini kushoto. Stellarium, programu ya ramani ya nyota ya kwenye simu, itakusaidia.

Wenye mashine ya kufuata nyota, jueni kwamba ncha ya kusini ya anga, ambayo mashine hulinganishwa nayo, iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, na Sigma Octantis, nyota hafifu iliyo karibu na ncha hiyo, imezama kwenye utusitusi. Usipoteze saa kuitafuta. Linganisha kwa kutazama nyota inavyohama kwenye picha. Stendi nyingi hazikutengenezwa kuinama hivyo, uzito wa nyuma hugonga mguu. Mimi nilichongewa kabari ya mninga na fundi seremala, na kiroba cha mchanga kinaning'inia katikati kwa ajili ya upepo wetu.

Asiye na mashine asikate tamaa. Huko kaskazini ya mbali nyota hutembea polepole, karibu theluthi ya mwendo wa zile za ikweta ya anga. Lenzi ya milimita 135 inavumilia sekunde 2 au 3. Piga mamia kwa mamia, uziunganishe kwenye Siril, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure.

Wakati wa kuunganisha, tenganisha nyekundu, kijani na buluu uzilinganishe kila moja peke yake, kwa sababu hewa ya chini huzisukuma mahali tofauti na kila nyota huvaa ukingo wa rangi mbili. Halafu tupa bila huruma. Mwaka huu nilipiga picha 560 za sekunde 60 kwa usiku minne, nikabakiza 391. Mkono mmoja wa buluu ulitokea, hafifu, ukizunguka upande wa juu wa kitovu. Niliita watu wote wa nyumbani.

Saa nne na nusu ikifika usifunge vifaa. Geuka kusini: Msalaba wa Kusini uko juu, na Omega Centauri, kishada kikubwa cha nyota, imepanda karibu nyuzi 50, kwenye hewa nyembamba, inakusubiri.