Ripita inafunguka yenyewe? Shika kalamu kabla hujapanda mnara

Wenzangu mnaoendesha ripita za redio za ridhaa (mitambo ya mnarani inayopokea sauti za redio zetu na kuzirusha upya) huku Arusha na Moshi, huu usumbufu mnaujua: ripita inafunguka yenyewe, yaani inaanza kurusha bila mwenzetu yeyote kuita, unamsikia dereva wa gari la watalii anauliza simba wako wapi, kachanganyika na muziki wa FM, sauti inakwaruza, halafu kimya. Wengi wanasema kuna mtu kaingilia masafa yetu. Mara nyingi hakuna aliyeingilia, ni mawimbi mawili matatu, yote halali, yamekutana mahali yakazaa jingine.

Fanya hesabu kwanza, maana wimbi hilo jipya huzaliwa kwa kujumlisha na kutoa masafa ya yale yaliyokutana. Ripita yako ya bendi ya mita 2 inarusha kwenye megahezi 145.600 na kupokea kwenye 145.000. Jirani akirusha kwenye 146.200, piga 145.600 mara mbili, toa 146.200, jibu 145.000, yaani masikioni mwako kabisa. Ya FM ndio watu hawaiwazi, stesheni mbili zilizoachana kilohezi 600, tuseme 98.0 na 98.6: 145.600 jumlisha 98.0 toa 98.6, tunarudi 145.000 ile ile! Hapo ripita ikishafunguka inajisikia yenyewe na haifungi, maana FM hazizimwi. Zima transmita yako usikilize upande wa kupokea, kelele zikikata ujue na wewe umo kwenye mchanganyiko.

Sasa tafuta yanachanganyikia wapi. Weka kipunguza mawimbi cha desibeli 6 kwenye mlango wa risiva. Kelele zikishuka kama desibeli 18 badala ya 6, risiva yenyewe imezidiwa, dawa ni kaviti, filta ya kopo la chuma inayopitisha masafa yako tu, kwa sababu zile dupleksa (vifaa vya kurusha na kupokea kwa antena moja) ndogo za bei chee zinakata masafa ya kutolea basi, mengine yote yanapita. Zikishuka 6 tu, zinatoka nje.

Nje kuna transmita, yako au ya jirani: wimbi la mwenzio linashuka kwenye antena yako hadi kwenye transista za mwisho, linachanganyika humo na kurushwa upya. Fungeni isoleta, kifaa kinachoruhusu wimbi litoke lakini lisirudi, na baada yake filta, maana isoleta nayo inazalisha masafa mara mbili ya yako.

Halafu kutu, jamani kutu! Upande wa Moshi kuna mnara niliushughulikia, kelele zilikuwa zinakuja upepo ukivuma na mvua ikinyesha zinapotea. Nilishika redio ya mkononi iko kwenye masafa ya kupokelea, nikawa nagonga vikaza vya zile waya za kushikilia mnara kwa mpini wa nyundo, na kwenye kimoja kila nikigonga redio inakwaruza. Kukifungua, unga wa kahawia umejaa kwenye nyuzi za skrubu. Vyuma viwili vilivyogusana kupitia kutu vinachanganya mawimbi kama dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na hapo hakuna filta yako itakayosaidia kwa sababu takataka inazaliwa kwenye masafa yako yale yale. Badilisha, kaza, paka grisi. Angalia na mabati ya kibanda, uzio, konekta zilizolegea.

Na ukiambiwa weka toni (mlio ambao ripita isipousikia haifunguki) tu yaishe, weka, ripita haitafunguka ovyo, ila kelele zitakuwepo na zitaendelea kumfunika mwenzetu mwenye redio ya mkononi huko mbali anayesikika kwa shida.