Mbunifu wa ndani aliyesajiliwa anaishia wapi?

Swali: Habari za kazi, msanifu. Tunakarabati nyumba ya ghorofa moja hapa Dodoma. Mbunifu wetu wa ndani amesajiliwa na Bodi. Anataka tuvunje ukuta kati ya jiko na sebule, kisha huko juu tuweke bafu lenye sinki kubwa la kuogea. Fundi anasema cheti kinatosha, tuanze. Ni kweli?

Jibu: Hapana, dada yangu, fundi asubiri kidogo. Ila kumtafuta mwenye cheti umefanya vyema, maana siku hizi picha za makochi Instagram zinamtosha mtu kujiita mbunifu. Cheti chake kinatoka Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB), chini ya Sheria Na. 4 ya 2010, na kazi yake ni pana. Anapanga mlango ufungukie upande gani, jiko likae wapi watu wasigongane, soketi na taa ziwe wapi, marumaru zipi hazitelezi bafuni. Anachora dari la jipsamu na makabati kwa vipimo, anaandaa orodha ya vifaa, anakagua kama mafundi wanafuata mchoro. Rangi na mapazia huja mwishoni.

Ukuta ni habari nyingine. Nyumba ikiwa imesimama juu ya nguzo na boriti za zege, huenda huo unagawa vyumba tu. Lakini zipo nyumba ambazo zege la juu limelala juu ya kuta zenyewe, na ukuta ukishapigwa plasta huwezi kujua kwa macho wala kwa kuugonga. Mwenye jibu ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), akiwa na michoro ya awali. Kama ilipotea, itabidi abandue plasta sehemu kadhaa. Ulizia pia kibali halmashauri ya jiji kabla ya nyundo.

Sinki ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Maji lita 200 ni kilo 200, bado sinki lenyewe na anayeoga. Saruji ya sakafu yenye unene wa sentimita 5 chini ya marumaru huongeza kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Bomba la choo nalo linataka mteremko, na fundi akitoboa zege ovyo anakata nondo. Mbunifu achague sinki na apendekeze mahali. Kama zege litastahimili, na wapi patobolewe, ni kazi ya mhandisi. Nyaya mpya zifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Mwambie mbunifu wako achore ukuta na bafu hilo kwa vipimo, mhandisi apitie na kusaini. Mkataba useme wazi nani anamlipa mhandisi, kwa sababu wengi hugombania hapo kazi ikiwa imeshafika katikati.