Je, njia za hewa zilizoharibiwa na pumu hurudi zilivyokuwa?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 47 na pumu ninayo tangu utotoni. Ninakaanga samaki kwa kuni hapa Nyalenda, Kisumu, na inhela ya bluu ndiyo tegemeo langu. Majuzi nilipulizishwa kwenye mashine ya kupima mapafu, nikaambiwa njia zangu za hewa ni nyembamba na hazifunguki zote hata baada ya dawa. Je, kuna tiba ya kuzirudisha?
Mama wa Nyalenda

JIBU: Mama, pole kwa safari hiyo ndefu. Sehemu ya madhara hayo hutibika, na sehemu nyingine huenda ikabaki. Misuli iliyokaza, utando uliovimba na makohozi mazito ni mambo yanayoitikia dawa. Lakini uvimbe ukikaa miaka mingi bila kutulizwa, kuta za njia za hewa huota nyuzi ngumu mithili ya kovu na misuli yake hunenepa, na hapo dawa haziwezi kurudisha kila kitu.

Inhela ya bluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli kwa saa 4 hadi 6, lakini uvimbe haiutibu. Ndiyo maana mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, liliacha kupendekeza itumiwe peke yake kwa watu wazima. Dawa ya kuvuta ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, hutuliza uvimbe wenyewe, na ikitumiwa kila siku kwa miezi mingi hata unene wa utando huweza kupungua kiasi. Zipo pia sindano za pumu kali, mfano tezepelumabu, ambayo imeonekana kupunguza makohozi yanayoziba njia. Ni ghali mno, wala haifuti kovu.

Ninalokusihi ni hili: usikubali kwamba yote ni kovu kabla hujatumia dawa ya kuzuia ipasavyo, kwa kuwa kipimo kimoja hakiwezi kutenganisha kovu na uvimbe. Mwombe daktari wako akuanzishie dawa hiyo, akuonyeshe namna ya kuivuta kupitia chemba, yaani chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo (hata chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa vizuri hufaa), nawe usukutue mdomo kila baada ya kuvuta. Mweleze pia habari za kuni, kwa sababu moshi wa miaka mingi huweza kudhuru mapafu kwa njia yake wenyewe, na kama inawezekana hamishia jiko mahali pa wazi. Baada ya miezi 3 upimwe tena kwa mashine ile ile, mlinganishe majibu.