Moteri kupiga tak-tak asubuhi

Ndugu, umeuliza juu ya tak-tak ya moteri ya gari lako: kwa kuwa kelele inakuja asubuhi tu na kunyamaza moteri ikipata moto, usikubali kufunguliwa moteri bado. Kwanza pima oili, na upime mahali tambarare. Sisi wa Kadutu, hapa Bukavu, tunaegesha mlimani, kijiti cha kupimia oili kinadanganya.

Sasa sikiliza muda. Kama tak-tak inaisha baada ya sekunde chache, mara nyingi ni oili iliyoshuka yote chini usiku, vali zikagonga kavu mpaka ipande. Hapo angalia filta ya oili: zile za bei ya chini nyingine hazina kilango cha kuzuia oili isirudi, au kipo lakini mpira wake umekauka. Angalia pia uzito wa oili. Watu hapa wanapenda kumwaga oili nzito ya 20W-50 kwenye moteri iliyoandikiwa oili nyepesi ya 5W-30, halafu wanashangaa. Baridi ya Bukavu si kali, lakini oili nzito inapanda polepole.

Ikiendelea dakika kadhaa, na ukikanyaga mafuta inazidi, mimi ningeshuku gasketi (kizibo chembamba) ya manifoldi ya egzosi, yaani chuma kinachokusanya moshi unaotoka kwenye moteri. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba tundu, kelele inakwisha. Wakati moteri imelala, mulika tochi pale manifoldi inaposhikana na moteri: masizi meusi yaliyotapakaa kama moshi wa jiko ndiyo alama yake.

Lakini taa nyekundu ya oili ikibaki inawaka, zima papo hapo. Usiendeshe hata kufika garaji, ivutwe.