Kipimo cha mia tatu

Mleta mada ameuliza: Benki ya Dunia wanasema umaskini unapungua, Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) wanasema mfumuko wa bei hauvuki asilimia 5, sasa mbona mtaani hali tete? Nani anatudanganya?

Mimi si mchumi, ni muuza duka. Nina kaduka Mbagala, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na mbili huu, na nina madaftari mawili: la mzigo na la madeni. Nijuavyo mimi hakuna anayedanganya. Wao wanapima kapu zima la bidhaa na huduma za nchi, wateja wangu wananunua kwa kupima.

Chukua mafuta ya kula. Mwaka 2020 dumu la lita 20 nilikuwa nalichukua Rangi Tatu, hapa hapa Mbagala, kwa shilingi 65,000. Kipimo kilikuwa 300, na lita moja ilinitolea vipimo 14. Ikaja 2022. Vita vya Ukraine vikakwamisha mafuta ya alizeti, na mwezi Aprili Indonesia nao wakafunga kuuza mawese nje kwa wiki kadhaa. Sisi mafuta mengi tunaagiza, kwa hiyo dumu lile lile likafika 130,000.

Unadhani nilipandisha kipimo kuwa 600? Nilijaribu, siku mbili tu. Mtoto anakuja, "Shikamoo mama, nimetumwa mafuta ya mia tatu." Ukimwambia ya mia tatu hakuna, anarudi nyumbani na kichupa kitupu, na mama yake anakwenda duka la pili. Basi nikatafuta kikombe kidogo zaidi, kile kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi kikubwa kidogo, lita ikawa inatoa vipimo 27. Ya mia tatu ikarudi. Bei haikupanda, kikombe ndicho kilichoshuka.

Sasa piga hesabu. Mwenye uwezo wa kununua dumu alilipa 6,500 kwa lita. Anayenunua ya mia tatu alilipa 8,100. Maskini ndiye aliyenunua mafuta ghali kuliko wote pale mtaani, na faida hiyo niliipata mimi, sijifichi. Unga, sukari, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande, vyote vina hadithi hiyo hiyo.

Nije kwenye kapu. Mwaka 2021 NBS walianza kutumia kapu jipya la kupima mfumuko wa bei, na humo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Sina ugomvi nalo, ni wastani wa nchi, ndani yake kuna mtu wa Masaki mwenye gari na kiyoyozi. Lakini kaa kwenye kaunta yangu jioni uone elfu tano ya fundi msaidizi inavyoisha: unga, dagaa, mafuta, nyanya fungu moja, mkaa. Kinachobaki ni nauli ya kesho. Kwa mtu huyo chakula si asilimia 28, ni zaidi ya nusu. Sukari ilipopaa mwanzoni mwa 2024, wastani wa mfumuko wa mwaka ule ukaishia asilimia 3.1, na naamini ni kweli. Ila 3.1 ile si ya kwake.

Na umaskini wenyewe unapimwaje? Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 ulisema mtu mzima akitumia chini ya 49,320 kwa mwezi hana mahitaji ya msingi. Gawa kwa siku 30, unapata 1,644. Mwenye kutumia 1,700 amevuka mstari, si maskini tena. Kwa mstari huo maskini wa Tanzania Bara walikuwa asilimia 26.4, kutoka 28.2 ya mwaka 2011/12. Asilimia imeshuka, kweli. Lakini ndani ya miaka hiyo sita watu wameongezeka kwa karibu asilimia 3 kila mwaka, kwa hiyo vichwa vya maskini vimeongezeka. Afrika kusini mwa Sahara ni hivyo hivyo kwa ukubwa wake: kwa mstari wa Benki ya Dunia wa wakati ule, dola 1.90 kwa siku, maskini walikuwa karibu milioni 280 mwaka 1990, wakapita milioni 400 mwaka 2015, wakati duniani kote idadi inaporomoka, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya China. Zote mbili ni kweli kwa pamoja, inategemea unasoma asilimia au unahesabu watu.

(Kuna mchangiaji hapo juu kazidisha hizo dola kwa bei ya kubadilishia fedha, akapata karibu 5,000 kwa siku, akasema "mbona wengi wanavuka". Mkuu, dola ile si ya duka la fedha. Ni dola iliyorekebishwa kulingana na kinachoweza kununuliwa hapa kwetu, na ikigeuzwa kuwa shilingi inakuwa ndogo mno kuliko unavyofikiri.)

Kitu kingine hakionekani kwenye wastani, nacho ni umeme. Bei ya uniti kwa mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi ni 100 kabla ya kodi, imewekwa hivyo ili kumsaidia mnyonge. Akizoea kuvuka anahamishiwa kwenye 292. Nyuma ya duka langu kuna nyumba ya wapangaji sita, mita moja. Kila chumba kina taa mbili, redio, labda feni. Chumba kimoja hakifiki hata uniti 30, lakini mita inasoma vyumba sita. Kwa hiyo wanyonge sita wanalipa bei ya tajiri mmoja. Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya jengo la mwenye nyumba, anayeilipa ni mpangaji wa zamu ya kununua umeme. Anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye nyumba, nenda kamdai uone.

Nisiseme kila kitu kibaya. Wakati naanza duka, nusu ya wateja walikuwa wananunua mafuta ya taa. Leo siuzi kabisa, umeme umefika. Mwaka 2016 ada ya sekondari ya serikali iliondolewa hadi kidato cha nne, na hilo nimeliona kwenye daftari la madeni: Januari zamani ilikuwa balaa, sasa ni daftari na sare tu. Wanaosema hakuna kilichobadilika hawakukaa Mbagala ya zamani.

Kuhusu swali la mwisho la mleta mada, tufanyeje, mimi nimeona kitu kimoja tu kikifanya kazi. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, sitaijadili, nimezika jirani aliyekimbia na deni la laki mbili, sikumzika kwa mchanga, alihama usiku. Kilichofanya kazi ni mchezo wa dumu. Bei ile ikiwa 130,000, akina mama wa mtaani walikubaliana watoe 1,300 kila siku kwa siku kumi, walete dumu, wagawane lita mbili mbili. Wanapata lita kwa 6,500 kama tajiri. Mauzo yangu ya mafuta yakafa, na mimi mwenyewe nikawa mtunza pesa zao, maana nina kufuli.

Raundi ya kwanza tulianza kumi na moja. Siku ya nne mmoja alikuja asubuhi na mapema, mtoto ana homa, anaomba alichotoa. Tulimrudishia 3,900 zake, tukabaki kumi. Jioni yake mwanawe mkubwa akaja dukani na kichupa, mafuta ya mia tatu.