Kalibu ya shingo au ya ganda zima?

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Montana, nina bunduki ya .308 ya kuwindia kulungu. Nimeanza kujaza upya maganda ya risasi zilizofyatuliwa. Ninunue kalibu (kifaa cha chuma cha kulirudishia ganda umbo lake) ya kubana shingo tu, au ya ganda zima?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ya ganda zima. Mimi niling'ang'ania ya shingo miaka minne, ubahili tu wa kutaka maganda yadumu. Ganda likishafyatuliwa mara tatu nne, komeo la bunduki likawa linagoma kufunga, na kulungu hakusubiri.

Kazi yenyewe ni kuifunga hiyo kalibu kwenye mashine. Usiikaze tu mpaka chini. Pima kwanza bega la ganda lililofyatuliwa, yaani pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni, kisha teremsha kalibu kidogokidogo hadi bega lirudi nyuma milimita 0.05 hivi. Ukizidisha, ganda linavutika kila ukifyatua, mwishowe linakatika karibu na kitako.

Mafuta ya ganda paka membamba kabla ya kulibana. Yakizidi, bega linabonyea. Yakikosekana, ganda linanasa ndani. La kwangu nililitoa kwa keekee na bolti, mama watoto akinicheka mlangoni.

Kalibu ya kukalishia risasi mdomoni mwa ganda isikusumbue. Ya kawaida inatosha kwa windo, ila lainisha mdomo wa ganda kwanza, usije ukaikwaruza risasi.